Shokapu ya Guleid Iondolewe Barabarani

Kiwanjani,
Isiolo.
Jumatatu, 24 Juni 1985.

Kwa Bwana Kulmiye,
Katibu, Chama cha Wachukuzi wa Maziwa kwa Baiskeli,
Isiolo.

Bwana Katibu na shemeji yangu,

Assalaam aleikum.

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA SHOKAPU YA NYUMA ILIYOUNDWA NA GULEID DUALE, AMBAYE NI MWANANGU

Natumaini Idd imekupita salama na kwamba tumbo lako limekwisha kusamehe yale uliyolitendea. Huku kwetu dada yako Kinsi hajambo, nami sijambo, isipokuwa kiuno, ambacho nitakitaja mahali pake.

Kama ningekuwa ninamwandikia shemeji, nisingeandika. Ningevuka uwanja, nikaketi mkekani kwako, na jambo likaisha kabla ya kikombe cha chai. Lakini ninamwandikia Katibu. Jumamosi hii Chama kitakutana kuamua ni shokapu ya nani itakayofungwa kwenye baiskeli zote za maziwa, nami ndiye niliyeteuliwa kusimamia jaribio. Barua hii huenda ikasomwa mbele ya wanachama, na wengine wao hawakuwapo. Kwa hiyo nitaanza mwanzo, jambo ambalo Chama chetu hakina mazoea nalo.

Mwezi wa Januari wageni wawili kutoka Ulaya walifika Isiolo wakiwa na baiskeli mbili zinazofanana kama mapacha, za aina iitwayo baiskeli ya mlimani: matairi manene, usukani ulionyooka, na gia nyingi kuliko mahitaji ya binadamu. Walikusudia kufika Ziwa Turkana. Walifika Ngaremara. Hapo, wakiwa wamekwisha kuijua barabara yetu, walipumzika kwa Akai, yule mama auzaye maziwa kando ya njia, wakanywa maziwa yake, wakakiachia Chama baiskeli zote mbili kama shukrani, na wakaendelea na safari juu ya lori tupu la ng'ombe.

Baiskeli hizo ni nzuri kwa kila jambo ila moja. Barabara ya Ngaremara, kama ajuavyo kila mtu mwenye meno, ina vile vituta vidogo vilivyopangana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na kila kituta humpiga mwendeshaji pamoja na mzigo wake. Maziwa yaliyotoka Ngaremara yakiwa maziwa yalifika mjini yakiwa siagi inayoelea juu ya maji meupe. Wenye hoteli wakakataa kuyapokea, wakisema chai haipikwi kwa siagi.

Ndipo watu wawili wakajitolea kutengeneza shokapu, yaani kile kifaa kinachokaa kati ya gurudumu la nyuma na mwili wa baiskeli ili kiumeze mshtuko usimfikie aliyeketi juu. Chama kikampa kila mmoja baiskeli yake.

Wa kwanza ni fundi Mungania, mwenye kibanda karibu na soko. Yeye alikata fremu upande wa nyuma, akaiunga kwa bawaba ya mlango, na juu ya bawaba akasimamisha springi nene aliyoitoa katika kiti cha dereva wa lori lililopinduka. Ni springi tupu. Hakuna mafuta, hakuna mpira, hakuna siri.

Wa pili ni Guleid, mwanangu. Yeye aliitwaa shokapu ya pikipiki iliyokwisha kufa, akaifungua, akakuta imekauka ndani, na akaijaza mafuta ya mkia wa kondoo. Anasema kwamba springi tupu ikibonyezwa hurudi kwa hasira, lakini ikiwa ndani ya mafuta hurudi kwa adabu. Sikumfundisha mimi kusema hivyo. Mimi nilimfundisha kuandika barua za kiofisi, nikamtafutia kazi ya ukarani katika ghala la nafaka, kazi ambayo aliiacha mwezi wa Machi ili ashike spana.

Jaribio lilifanyika katika kumi la mwisho la Ramadhani, na utaratibu wake niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Akai angejaza maziwa mitungi miwili ya plastiki. Mtungi mwekundu ungefungwa kwenye baiskeli ya Mungania na mtungi wa manjano kwenye baiskeli ya Guleid. Waendeshaji wangeondoka Ngaremara pamoja na kufika pamoja, bila kushindana mbio. Mimi ningekaa mwisho wa safari, katika kivuli cha ukuta wa msikiti, kama apasavyo hakimu. Tena niliweka sharti kwamba mtu yeyote asionje. Sisi waamuzi tulikuwa tumefunga, na Mungania, ambaye ni Mkristo na hakufunga, alikuwa mshindani, na mshindani haruhusiwi kutia ulimi katika ushahidi.

Matokeo uliyaona kwa macho yako. Mtungi mwekundu wa Mungania ulitoa maziwa matupu, laini, yenye povu. Mtungi wa manjano wa Guleid ulitoa madonge ya siagi yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilitoa hukumu papo hapo: Mungania ameshinda. Maziwa yakapelekwa msikitini watu wafuturie, siagi ikapelekwa kwa dada yako. Mimi nilifuturu kwa tende na maji, kwa kuwa hakimu hali ushahidi hata jua likishazama.

Nilidhani jambo limekwisha. Lakini tangu Idd ninasikia sokoni, msikitini na hata jikoni mwangu kwamba wanachama wanataka kumchagua Guleid. Wanasema wamepanda baiskeli yake na wameipenda. Kupenda si utaratibu. Kwa sababu hiyo ninaleta malalamiko yafuatayo.

1. Kwamba shokapu ya Guleid ni chombo cha jikoni.

Kitu kinachopokea maziwa na kurudisha siagi kina jina lake, nacho hukaa nyumbani, mapajani mwa wanawake, wakikitikisa huku wakiimba. Kutikisa maziwa ni kazi ya wanawake kwa Wasomali, kwa Waborana na kwa Waturkana. Sidhani kama kuna jambo jingine ambalo sisi sote tumewahi kukubaliana juu yake. Basi Guleid, mwanamume mwenye ndevu na mke, ametikisa maziwa hadharani kutoka Ngaremara mpaka Kiwanjani, mchana wa Ramadhani, huku akiwapungia watu mkono. Mkewe Raho aliniuliza, kwa heshima zote, "Baba, sasa mimi ndiye nitaenda kuchunga ngamia?" Ninaliwasilisha swali hilo kwa Chama.

2. Kwamba shokapu hiyo haina msimamo, na tena inanukia.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, mafuta ya mkia huwa yameganda, na shokapu ni ngumu kama gogo. Adhuhuri mafuta huyeyuka, nayo hulegea. Yaani ni kifaa chenye tabia ya afisa: asubuhi hakiambiliki, baada ya chakula cha mchana kinakubali kila kitu. Springi ya Mungania haibadiliki. Inakuumiza asubuhi kama inavyokuumiza jioni, na mwananchi anaweza kupanga siku yake.

Kuhusu harufu, wewe ni shahidi. Siku ile ya jaribio, alasiri, Guleid alipita mbele ya safu ya wazee waliofunga, na shokapu ikiwa imepata moto wa safari ikaacha nyuma yake harufu kamili ya nyama choma. Mzee mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu ni wewe, alimeza mate kwa sauti. Kama saumu yake ilisimama au haikusimama, hilo ni baina yake na Mola wake, lakini Chama kisijifanye hakikusikia. Mbwa wote wa Kiwanjani sasa humfuata Guleid popote aendapo. Juzi walikuwa wengi hata mgeni mmoja akauliza ni nani anayeoa.

3. Kwamba shokapu hiyo haina sauti.

Springi ya Mungania hulia kama punda aliyekanyagwa. Dada yako akiisikia ikiwa bado nje ya mji huinjika sufuria ya chai, na maji yanapochemka maziwa yako mlangoni. Huo ni mpango wa maendeleo ambao haukuhitaji kamati. Baiskeli ya Guleid, kinyume chake, huja kimya. Wiki iliyopita iliwafikia wajumbe wawili wa Chama kwa nyuma, njiani, wakati wakizungumza habari za Katibu wao. Guleid aliyasikia yote. Alipofika nyumbani hakuyasema, ingawa mama yake alimwuliza kwa upole na baadaye bila upole. Kwa hiyo sijui walisema nini juu yako, shemeji, na wewe hutajua kamwe, na chanzo cha kutojua huko ni mafuta ya kondoo. Wangekuwa wamefuatwa na baiskeli ya Mungania, wangenyamaza mapema, na heshima yako ingebaki nzima.

Siku ya pili yake mama mmoja aliyebeba kuni aligeuka ghafla, akaiona baiskeli imesimama ubavuni pake bila kishindo, akatupa kuni na kupiga kelele kwamba ameona jini. Sasa habari imeenea kwamba Kiwanjani kuna jini lenye magurudumu mawili, linalonuka nyama choma na kufuatwa na mbwa. Watoto hawataki kutumwa dukani ikikaribia magharibi. Ninaenda dukani mwenyewe.

4. Kwamba shokapu hiyo inastarehesha, na kwa hiyo inazuia maendeleo ya taifa.

Hapa ndipo penye uzito, na ninaomba msomaji asome polepole.

Ili nisisemwe kwamba ninahukumu nisichokijua, nilipanda baiskeli ya Mungania, yeye akiendesha, mimi nikiwa nyuma. Ya Guleid sikuipanda, kwa kuwa baba akishakaa nyuma ya mwanawe amekwisha kutoa hukumu. Springi ya Mungania ilifanya kazi bila kuchoka. Kwenye kila kituta ilibonyea, ikarudi, ikaona haitoshi, ikarudi tena. Barabara ilipotupa kituta kimoja, Mungania alinipa vitatu. Tulipofika penye ule mti wa miiba upande wa kushoto, iliniinua juu, na iliposhuka mimi sikuwa juu yake. Nilitua katika mti.

Watu wasiofikiri wanasema hiyo ni kasoro. Mimi nililitafakari jambo hilo siku nzima, nikiwa nimelala kifudifudi huku Kinsi akining'oa miiba na kunikumbusha umri wangu, na nimeona kwamba ni ubora. Mzigo ulioko hewani haugusi barabara. Mzigo usiogusa barabara hauwezi kutikiswa na barabara. Kwa muda wote niliokuwa hewani sikuhisi kituta hata kimoja. Basi shokapu bora ni ile imwekayo abiria hewani kwa muda mrefu zaidi, na katika hilo Mungania hana mpinzani kutoka hapa mpaka Moyale. Hiyo ndiyo sababu maziwa yake yalifika yakiwa maziwa: sehemu kubwa ya safari hayakuwa barabarani.

Sasa tazama ya Guleid. Wewe mwenyewe, Bwana Katibu, uliipanda siku ya pili ya Idd ukitokea Ngaremara, na nimeambiwa na watu watatu wasiopatana kwamba ulilala. Ulifika mjini shavu lako likiwa limebandikwa mgongoni mwa mpwa wako, na shati lake lina alama. Mtu anayelala kwenye barabara ya Ngaremara hawezi kujua kwamba barabara hiyo ni mbovu. Asiyejua hatalalamika. Tusipolalamika, lami, ambayo mpaka leo inaishia hapa Isiolo kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi, haitasogea hata hatua moja kuelekea kaskazini. Kwa hiyo kila baiskeli itakayofungwa shokapu ya Guleid itaiondolea serikali raia mmoja mwenye kinyongo, na bila raia wenye kinyongo hakuna barabara iliyowahi kujengwa. Springi ya Mungania humpa mwananchi taarifa kamili, mfululizo, mahali asipoweza kuipuuza. Kiuno changu kina taarifa hiyo mpaka sasa.

5. Kwamba mashahidi wote wana upendeleo, isipokuwa mimi.

Wewe ni mjomba wa Guleid, kwa hiyo neno lako halina uzito. Dada yako ni mama yake. Raho ni mkewe. Wanachama walipanda na kulala, na mtu aliyelala si shahidi. Nilipoona hivyo nilikwenda kwa Mungania, nikitumaini kwamba angalau yeye atajitetea. Nilimkuta chini ya baiskeli ya mtu. Akanijibu bila kutoka:

"Mzee, wacha nikuambie ukweli. Hii yangu inaruka kama mbuzi imeona fisi. Hiyo ya kijana yako iko sawa. Peana kazi kwake, mimi nitamsaidia kukata mafremu. Na pole na ile miti."

Nimeyanukuu maneno yake kama yalivyotoka, na upatanisho wa kisarufi uliomo ni wake mwenyewe. Ushahidi huu nimeukataa. Mungania ni mshindani, ana maslahi katika shauri hili, na mtu mwenye maslahi hawezi kuaminiwa hata anaposema kinyume cha maslahi yake, kwa maana huenda ana maslahi mengine aliyoyaficha. Nilimweleza hivyo. Akaniomba nimpe koleo.

Nimebaki mimi. Nimejiuliza kama kuna uwezekano kwamba ninampendelea Guleid. Nimejibu hapana. Nimejiuliza kama kuna uwezekano kwamba ninamwonea ili nisionekane kumpendelea. Swali hilo lilikuwa refu, na adhana ikaanza kabla sijalimaliza.

6. Hili ningeliacha, lakini karani mwaminifu haachi kitu nje ya faili.

Guleid ameniambia kwamba akiikosa kazi hii hatarudi ghalani. Atapanda lori la ng'ombe aende Nairobi, atafute gereji huko, na Raho atamfuata akishapata chumba. Alisema hivyo akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba ruhusa ya mwajiri. Tangu siku hiyo dada yako hunitilia sukari mara mbili katika chai au hatii kabisa, na ukimwuliza husema chai ni ile ile. Baba yangu aliletwa hapa na jeshi la mkoloni, na aliachwa hapa na jeshi hilo hilo. Mimi sikuletwa wala sikuachwa. Nilizaliwa, nikabaki, na nilidhani kwamba sasa tumekwisha kujua kukaa mahali pamoja.

Lakini hilo si hoja. Shokapu haipimwi kwa sukari. Nimeliandika ili usije ukasema kwamba nililificha, na ninakitaka Chama kisilitie maanani, kama mimi mwenyewe nisivyolitia, ila nyakati ambazo sina kazi nyingine.

MAOMBI

Kwa sababu hizo ninaomba Chama kiazimie:

(a) kwamba springi ya Mungania ifungwe kwenye baiskeli zote za maziwa, na ile miti ya miiba iliyo kando ya njia ipunguzwe matawi;

(b) kwamba shokapu ya Guleid ing'olewe na ikabidhiwe akina mama waitumie kutolea siagi, mtikisaji akiwa ameketi na akiwa mwanamke;

(c) kwamba kila afisa anayehusika na barabara ya kaskazini, popote alipo, atiliwe springi ya Mungania chini ya kiti chake cha ofisini, na mtu wa kumsukuma, ili naye apate taarifa;

(d) kwamba Guleid arudi ghalani. Nimekwisha kuzungumza na msimamizi. Kalamu yake bado iko mezani pale alipoiacha.

Nisalimie mkeo na watoto, wakubwa kwa wadogo. Wasalimu wajumbe wote, pamoja na wale wawili waliokusema njiani, kama utawajua. Msalimu Mungania na umwambie koleo halikuwa mkononi mwangu nilipoondoka. Liko juu ya dirisha. Akai nitamsalimu mwenyewe, kwa kuwa adhuhuri hii ninaondoka kwa lori la mchanga kwenda Ngaremara kuchukua maelezo yake yenye alama ya dole gumba, ili niyaambatishe hapa na jalada lifungwe.

Ndimi ninayekuheshimu siku za kazi na kukuvumilia siku za Idd,

Duale Shuriye,
Karani Mstaafu wa Mahakama.

Nyongeza:

Nimemwona Akai. Nilimsomea maelezo niliyokuwa nimemwandalia, naye akawa anaitikia vizuri, mpaka nilipofika mahali pasemapo kwamba mitungi yote miwili ilijazwa maziwa ya namna moja. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, akaita jirani aje acheke naye. Alipopata pumzi alisema:

"Mzee, ya ng'ombe ilitosha mtungi moja tu, ile ya manjano, tena ilikuwa ya jana. Nyekundu nilijaza ya ngamia. Wewe uliandika maziwa, mimi nikaweka maziwa."

Shemeji, wewe na mimi tumekunywa maziwa ya ngamia kabla hatujaota meno. Kila mtoto wa Isiolo anajua kwamba hayatoi siagi. Ungeyafunga kwenye mkia wa punda mwenye kichaa kutoka hapa mpaka Marsabit, yangefika yakiwa maziwa na yangemsubiri punda apumzike. Na maziwa ya ng'ombe ya jana, yaliyokwisha kuganda, yangekuwa siagi hata kama yangebebwa mkononi na bibi arusi. Harufu moja tu, onjo moja tu, na tungejua. Lakini tulikuwa tumefunga, na sharti la kutoonja lilikuwa langu. Na wale waliofuturu msikitini walikunywa wakamshukuru Mungu bila kuuliza jina la mnyama.

Kwa hiyo lile jaribio langu lilimpima ngamia na ng'ombe. Ngamia alishinda. Shokapu hazikupimwa.

Ningeiandika barua hii upya, lakini karatasi nzuri imekwisha na mwandiko ulikaa vyema. Ninaomba uisome hivi: kila mahali penye hukumu au ombi dhidi ya Guleid, soma kwamba ameshinda. Mbwa wabaki. Jini libaki mpaka litakapopata kengele. Lalamiko la nne lifutwe lote, isipokuwa kiuno. Ombi la (c) libaki kama lilivyo. Ombi la (d) lifutwe kwa mistari miwili, na msimamizi wa ghala aambiwe kwamba kalamu ile anaweza kumpa mtu mwingine. Habari za Jumamosi zikiwa njema, umpe wewe Guleid, kwa kuwa wewe ni mjomba na unaruhusiwa kutabasamu. Dada yako nitamwambia mimi, ili nijue chai itakuwaje.

Lori la mchanga lilikwisha kuondoka, na aliyekuwa akirudi mjini ni Guleid peke yake na maziwa yake. Nyongeza hii, tangu neno lake la kwanza, nimeiandika nikiwa nimeketi nyuma ya baiskeli yake, mitungi ikiwa huku na huku, barabara ikiwa ni ile ile, na ubao wangu wa kuandikia ni mgongo wake. Tazama mistari ilivyonyooka. Ule mti wa miiba tumeupita, nami sikujua tumeufikia mpaka nilipouona umebaki nyuma, mbwa wawili wakiupita mbio.

Guleid ameniuliza ninaandika nini mgongoni mwake. Nimemwambia atazame mbele.